Sauti ya Bibi kwenye Ampli

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu jioni, na sikuwa usingizini wala sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu darasani wananijua mimi ni wa kunyamaza, watadhani nimetunga.

Kesho yake tulikuwa tunaganduka, yaani tunaondoa kilio cha Bibi. Babu masikio yamechoka, na aliniomba kitu kimoja tu: "Mke wangu mudogo, nataka nimusikie bibi yako mara moja, watu wakiwa wamekaa." Ndivyo anavyoniita, mke wake. Wimbo wa Bibi, aliouimba na kwaya ya kambi ya wakimbizi Tanzania kabla hawajarudi Burundi, ulikuwa kwenye MP3 yangu. Lakini ile MP3 ni ndogo kama kiberiti, inatoa sauti ya mbu. Nikaazima ampli na spika kwa jirani.

Sasa nitaijaribia wapi? Nyumba yenye kilio haipigwi muziki mpaka watu waganduke. Nikashuka navyo ufukweni mwa ziwa, kwenye mtumbwi wa mjomba. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti ndagala, dagaa wetu, kwa hiyo wavuvi walikuwa nyumbani na betri ya taa imekaa bure. Nikaunga waya, nikapandisha MP3 mpaka mwisho. Jamani! Bibi alikwaruza kama bati linaloburutwa.

"Amahoro, mutoto. Mbona unamupigisha kelele?"

Mama mmoja alikuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi. Sikusikia miguu yake kwenye kokoto.

"Shusha kwenye kale kadogo, ibakie nusu. Pandisha kwenye ampli, polepole. Kadogo kakilazimishwa kanalia, na ampli inakuza kilio."

Nikatii. Niamini, Bibi akawa kama yuko ubavuni mwangu, hata pumzi yake niliisikia. Na chini ya sauti yake kulikuwa na ya pili, ya mwanamke mwingine, ambayo sikuwahi kuisikia. Yule mama naye alikuwa anaimba. Nikatazama mdomo wake, nikasikiliza spika: ilikuwa sauti ileile.

Nikachomoa waya wa MP3. Unadhani spika ilinyamaza? Ndani yake Bibi akasema, "Umekawia, rafiki yangu. Twende."

Mama akacheka kidogo. "Murakoze, mutoto, asante." Akashuka kuelekea majini, na mbele yangu likabaki ziwa tu.

Nilipochomeka tena, ngoma na makofi vilikuwepo. Sauti hazikuwepo. Hazijarudi mpaka leo, na mimi sivai tena waya za masikioni nikiwa peke yangu. Wewe unayesoma, kama una sauti ya marehemu wako, usiifungue kando ya maji kabla hamjaganduka. Utamwambia nini anayeisubiri?

Asubuhi nilimweleza Babu yote, nikipaza sauti sikioni mwake. Akasema Bibi alikuwa na rafiki wa kumwitikia kwenye kwaya. Walimzika kulekule kambini.

"Amekuja kumuchukua mwenzake, sawa. Lakini mimi sijasikia kitu."

Watu walipokaa, niliwasha ampli. Makofi yakaanza. Mimi ninayetetemeka hata kumjibu mwalimu, nikasimama kando ya spika nikaimba mahali pa Bibi.

Babu akainamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio.

"Ongeza, mke wangu."

Nikaongeza.