Mshonaji wa Kimya cha Saa Saba

Saa saba mchana inakaribia. Mtangazaji anavua viatu mlangoni, anavisukuma kwa mguu chini ya benchi, kisha anaingia studio peku. Anafungua dirisha. Anagonga nondo ya dirisha kwa pete yake, ko, ko.

Nje, kwenye kibanda chake kibarazani, mshonaji amesikia. Anaweka kando gauni alilokuwa akilipinda, anachomoa uzi kwenye sindano, anaanza kukanyaga cherehani tupu.

"Ndugu wasikilizaji," mtangazaji anasema, "tulieni kidogo. Kuna mwenzetu ametutoka."

Halafu ananyamaza. Redioni inasikika cherehani tu, tak-tak-tak, kama manyunyu juu ya bati. Anavuta pumzi, anaitoa. Anavuta tena. Anapoona watu wa majumbani wameshakusanyika, ndipo anataja jina.

Haya, kitendawili: fundi hana kitambaa, hana uzi, na anashona. Mgeni atakuna kichwa. Mji huu wote una jibu, ila ni jibu refu kidogo.

Mtangazaji ana miaka hamsini na minane. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho; mitaani ni Shangazi, kwa wakubwa na wadogo. Kwa zaidi ya miaka ishirini amesoma matangazo ya saa saba: mbuzi aliyepotea, pochi iliyookotwa, mtaa utakaokatiwa maji, na mwisho kabisa, vifo.

Kile kimya alikianzisha mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini, mama mmoja muuza mboga alikosa maziko ya kaka yake. Redio ilikuwa imewashwa, ila jirani alikuwa akisaga nafaka, na jina likapotelea kwenye ngurumo ya mashine.

"Alikuja hapa, hakugomba," Shangazi anakumbuka. "Akaniambia, mwanangu, jina la kaka yangu ulilirusha kama jiwe, nami nilikuwa nimeinama. Nikasema basi, sirushi tena. Nitangoja watu wainuke."

Tangu hapo akisema "tulieni", mwenye mashine ya kusaga huizima. Mtoto hutumwa mbio uani kumwita bibi. Chungu hufunikwa. Watoto nao, hawakosi la kutunga, wakategeana kitendawili: akinyamaza ndipo anaita. Jibu: Shangazi.

Mwaka jana redio iliuzwa. Mzee aliyeianzisha alikuwa mgonjwa, mnara umeshika kutu, na wanawe wako mbali na hawakuitaka. Kampuni kubwa yenye redio nyingi ikainunua.

"Simlaumu mzee," anasema Shangazi. "Mgonjwa hauzi kitanda chake kwa kupenda."

Wafanyakazi walikuwa kumi na mmoja. Wamebaki wawili: Shangazi, kwa nusu ya mshahara wake wa zamani, na fundi mitambo, mwanaume mnene mwenye sauti ya chini anayeitwa Waya. Vipindi vya asubuhi, nyimbo za jioni, hata mpira, vyote sasa vinatoka makao makuu. Kila alfajiri mji unaamshwa kwa habari za foleni ya magari kwenye barabara ambazo hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuzikanyaga.

"Tunaonywa tuepuke foleni," anasema Waya. "Na gari la mtaa huu ni moja, la taka, nalo halina betri."

Kilichobaki cha mji ni ile robo saa ya mchana, iliyoachwa kwa mkataba.

Pamoja na rangi mpya ya ukutani, kampuni ilileta kisanduku cheusi, kidogo kama tofali. Kazi yake ni kusikiliza. Redio ikinyamaza sekunde chache, kisanduku hudhani kuna hitilafu, nacho hujiamulia kurusha wimbo au tangazo la biashara.

"Kwa kisanduku, kimya ni ajali," Waya anaeleza. "Kwetu kimya ni salamu ya rambirambi. Hapo ndipo tulipogongana."

Waligongana wiki ya kwanza. Fundi viatu wa stendi alikuwa amefariki. Shangazi akasema tulieni, mji ukatulia, naye akangoja kama kawaida yake. Katikati ya ule utulivu likaruka tangazo la sabuni: mwanamke anacheka kwa sauti kubwa, watoto wanashangilia, "Furaha imerudi nyumbani." Lilipokwisha, likafuata jina la marehemu.

Kesho yake mjane alifika redioni. Alikaa kwenye benchi, akapewa maji, hakuyanywa.

"Shangazi," aliuliza, "nani yule alikuwa anacheka?"

 

Jioni hiyo meneja alipiga simu kutoka makao makuu. Hakuwa mkali. Alimwita mama.

"Mama, wewe ongea tu mfululizo. Hewani hatuachi pengo."

"Si pengo, mwanangu. Ni mlango. Nawaachia watu waingie."

"Naelewa, mama. Lakini kisanduku hakielewi, na hatuwezi kukizima kwa ajili ya redio moja. Likitokea tena, itabidi vifo visomwe huku kwetu, katikati ya nyimbo."

 Robo saa ya mwisho ya mji ilikuwa imening'inia kwenye pumzi za Shangazi.

Wakaanza kutafuta njia. Siku moja akajaribu kuguna taratibu badala ya kunyamaza; watu wakamletea dawa ya kifua. Waya akaleta saa ya ukutani na kuiweka karibu na maikrofoni, lakini mlio wake ulikuwa mwembamba mno, kisanduku hakikuusikia. Walibahatika kwamba walikuwa wakikijaribu asubuhi, kabla ya robo saa yao kuingia hewani.

Wazee walitega: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Studio hii ina mlango, lakini kuta zake zilivishwa trei za mayai ili kelele za nje zisiingie, na nyuma ya trei hizo dirisha lilikuwa limelala tangu siku ya ufunguzi. Siku moja Waya alipokuwa akichomoa misumari, trei ikadondoka na sauti ya cherehani ya jirani ikaingia yenyewe, bila hodi.

Wakatazamana.

Kesho yake dirisha lilifunguliwa. Shangazi akasema tulieni. Walichosahau ni kitu kimoja: mshonaji naye ana redio kibandani. Aliposikia "tulieni", akainua mguu kwenye cherehani, kama alivyozoea miaka yote. Muuza mkaa akaacha kuzoa. Mchomeleaji akazima moto. Mtaa mzima ukanyamaza kwa heshima, na dirisha likaingiza kimya juu ya kimya.

Waya aliona taa ya kisanduku inaanza kuwaka. Akaipiga ndoo teke.

"Ilikuwa ndoo ya deki, na ilikuwa na maji," anasema. "Mguu ulivimba. Lakini sabuni haikucheka."

Mchana huohuo Shangazi aliteremka kibarazani. Mshonaji, mwanaume wa makamo anayeitwa Sindano kwa wembamba wake, alikuwa anakula. Mazungumzo yao majirani bado wanayaigiza.

"Sindano, kesho nikisema tulieni, wewe shona."

"Nishone mtu akifa? Shangazi, mimi nimelelewa."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Shona kwa heshima."

"Heshima ya kelele ndiyo ipi? Watu watasema yule Sindano hata msiba haumzuii kutafuta hela."

"Basi toa uzi. Toa na nguo. Wakuone hutafuti kitu."

Sindano alitafuna, akameza. "Na kama mteja ananisubiri?"

"Naye atulie. Si nimesema tulieni?"

Hivyo ndivyo ilivyopatikana kazi ya kushona bila uzi. Sindano halipwi. Siku ambayo hakuna kifo, Shangazi hagongi nondo, na cherehani inaendelea na shughuli zake za kawaida. Ikigongwa, mtaa wote hunyamaza isipokuwa Sindano. Wapita njia walimshangaa mwezi mmoja, kisha wakazoea. Sasa wanaoshangaa wanaonyeshwa kidole kwamba hao ni wageni.

Mwezi uliopita mama yake Sindano alifariki.

Kibanda kilifungwa. Dada yake ndiye aliyeleta tangazo asubuhi, macho yamevimba. Shangazi alilisoma peke yake mara kadhaa ili sauti isije ikamsaliti. Ilipokaribia saa saba akafungua dirisha. Mtaa ulikuwa kimya, kwa sababu habari ilishafika kabla ya redio.

"Nipige ndoo?" Waya aliuliza.

"Mama wa mtu hapigiwi ndoo."

"Utafanyaje sasa?"

"Sijui."

Hakugonga nondo. Aliona haya kumgongea mtu ambaye hayupo. Akasogea kwenye maikrofoni, na kabla hajafungua kinywa, akasikia komeo la kibanda likivutwa nje. Sindano alikuwa amekuja kwa miguu kutoka nyumbani kwenye msiba, na nguo zilezile alizolala nazo. Alifuta kigoda kwa kiganja, akakaa.

"Tulieni kidogo," Shangazi akasema.

Cherehani ikaanza. Siku ile Shangazi alingoja muda mrefu kuliko kawaida, na mguu wa Sindano haukuchoka. Waya alisimama ameshika ukuta. Jina la mama lilipotajwa, cherehani iliendelea kidogo, kisha ikasimama yenyewe.

Sindano anapoulizwa kwa nini alitoka msibani, anatazama sindano ya mashine yake.

"Wenzangu wote nimewashonea," anasema. "Mama yangu ningemwachia nani? Yule anayecheka?"

Mkataba wa robo saa ya mchana unaisha mwishoni mwa mwaka, na kampuni haijasema kama itaurefusha. Meneja ametuma ujumbe kwamba atakuja kuitembelea redio, kwa mara ya kwanza. Waya ameshapiga deki mara mbili. Shangazi hajaandaa hotuba.

"Nitamkalisha hapo kwenye benchi, saa saba," anasema. "Sitamweleza kitu. Akae tu, asikie watu wanavyoingia."

Na asiposikia?

Shangazi anainama, anavuta viatu vyake kutoka chini ya benchi, anavivaa kimoja kimoja. Robo saa yake imekwisha. Redioni wimbo wa makao makuu umeshaanza. Nje, Sindano anatia uzi kwenye sindano, amelirudia gauni lake.

"Yule pale nimeshamwachia usia," anasema. "Siku yangu ikifika, redio iwepo isiwepo, atashona."