Tarehe ya Uongo Katika Kompyuta ya Muigai

Watu wa mtaa wa Munyaka walimjua Muigai kwa masikio yake. Kwa miaka ishirini na sita alitibu magari kwa kuweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini sikioni, macho ameyafumba, kisha akatamka ugonjwa. Hakuwa mwongo. Gari likimshinda alikiri mbele ya wateja wengine, na kipuri kikuukuu hakukipaka rangi akiuze kama kipya. Wenye gereji jirani walimwita Pasta, kwa kumcheka.

Lakini magari ya siku hizi hayasemi na bisibisi, yanasema na kompyuta. Muigai alipoona wateja wanampita, alitafuta kompyuta iliyotumika, na kwa mchuuzi mmoja mjini akapata waya wa kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya kusoma hitilafu. Programu hiyo ilikuwa ya wizi, imevunjwa kufuli. Mchuuzi hakuficha. Alimwandikia masharti kwenye kipande cha katoni: zima kinga ya virusi, kata intaneti, rudisha tarehe ya kompyuta hadi Machi 2016, maana ikijua leo ni lini inagoma kufunguka.

Bintiye Nduta, mwalimu wa chekechea kule Kapsoya, alikuwepo alipokuwa akiiweka.

"Baba, kila karatasi utakayochapisha itasema ni 2016."

"Kwani gari linasoma kalenda? Mimi nataka ugonjwa tu."

Nduta akacheka, akasema Pasta ameanza kurudi nyuma. Muigai hakucheka. Alijua anachofanya, na alikifanya. Wiki mbili za kwanza alikuwa akirudisha tarehe asubuhi na kuisahihisha akifunga kazi. Kisha ikamchosha, akaiacha huko huko 2016. Uongo aliouzoea haukumsumbua tena.

Jumanne moja Kipchumba, mkulima wa kijiji cha Ziwa, alimletea pikapu nyeupe ya kubebea maziwa. Taa ya breki kwenye dashibodi ilikuwa inawaka bila kuzima. Muigai alichomeka waya, programu ikasoma namba ya chesisi na kilomita, kisha ikaonyesha pampu ya breki imekufa. Alipoingia chini alikuta paipu ya nyuma inavuja pia. Akamwomba Kipchumba aliache gari mpaka Ijumaa, vipuri vipatikane. Kipchumba akasema maziwa ya watu hayangoji Ijumaa, na kwamba mafundi wa mjini hupenda kutisha wakulima.

Muigai akachapisha karatasi mbili. Moja akampa. Ya pili akaitundika kwenye msumari ukutani, kama alivyotundika zote.

"Ukiiendesha hii, utaua mtu," akamwambia.

Kipchumba aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akawasha gari.

Alhamisi, kwenye mteremko wa kuelekea Ziwa, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Pikapu iliingia chini ya trela la trekta lililojaa magunia ya mahindi. Kipchumba alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mdogo wake Kiprop, aliyeketi kando yake, alivunjwa kifua, akakata roho kabla hawajamchomoa. Nyumbani, mbele ya mama yake na ndugu wote, Kipchumba aliulizwa ilikuwaje. Akasema fundi wa Munyaka alimhakikishia breki ni nzima.

Walifika gereji Ijumaa saa nne asubuhi, wanaume watano kwa pikipiki, marungu mikononi. Mbele yao alikuwa Kimeli, binamu wa marehemu. Kipchumba alikuwa wa mwisho.

"Wewe ndiye Muigai?"

Kimeli hakungoja jibu. Rungu lilimpata Muigai begani akaanguka juu ya ringi za magurudumu. La pili likampasua nyusi, damu ikamfunga jicho. Walimpiga mateke ya mbavu huku wakimwita muuaji. Mmoja aliinua kompyuta juu akaibamiza sakafuni, akaikanyaga mpaka kioo kikasagika. Ng'ambo ya barabara wale wale waliomwita Pasta walisimama wakinyanyua simu kupiga picha. Hakuna aliyevuka.

"Nilimkataza," Muigai alisema, mdomo umejaa damu. "Karatasi ya gari lake iko pale. Kwa msumari."

Kimeli aliichomoa, akaisoma, kisha akacheka kicheko kibaya.

"Tarehe kumi na nne Machi, 2016. Gari ni la 2018. Mzee, ulilipima kabla halijazaliwa?"

Akamgeukia Kipchumba, akamuuliza kama aliwahi kuiona karatasi hiyo. Kipchumba, macho chini, akasema hajawahi.

Basi ikawa Muigai ni muuaji na mghushi pia. Walimburuta hadi kwenye meza ya kazi, wawili wakamshika mkono wa kulia wakaulaza juu ya chuma. Mkono wa kughushi, Kimeli alisema. Aliinua spana ya magurudumu akaishusha mara tatu. Muigai alisikia mifupa yake ikivunjika, na masikio yale yale yaliyotambua kila injini yakatambua kwamba mkono huo umekwisha. Mwingine alikuwa tayari anafungua mtungi wa petroli.

Hapo ndipo Jelagat, mjane wa Kiprop, aliposhuka kwenye boda boda. Alikuwa amewafuata, leso nyeusi kichwani. Aliamuru mtungi uwekwe chini, na kwa kuwa mfiwa ni yeye, uliwekwa. Akaokota karatasi.

"Kwa nini tarehe ni ya uongo?"

Muigai angeweza kusema mashine ilikuwa mbovu. Kifo kilikuwa hatua mbili kutoka kwake, kikinuka petroli.

"Programu ni ya wizi, Mama. Haifunguki mpaka uidanganye. Niliidanganya mimi."

Jelagat alisoma mpaka chini, polepole, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

"Namba ya chesisi ni ya gari letu, huiandika mimi kila nikilikatia bima," alisema. "Tulilinunua likiwa na kilomita elfu tisini na moja. Hapa ni elfu mia moja ishirini na sita, kilomita za wiki hii. Huyu mzee alilipima juzi." Akamgeukia shemeji yake. "Kipchumba, nakala yako iko wapi?"

Mkono wa Kipchumba ulienda mfukoni wenyewe, ukasimama hapo. Kimeli akauona. Rungu likageuka, na pigo la kwanza likamwangusha Kipchumba magotini. Muigai alitambaa, mkono uliopondeka ukiburutika, akalala juu ya miguu ya Kipchumba.

"Mwacheni," alisema. "Tayari mna mmoja wa kuzika. Msiongeze."

Jelagat akasimama mbele yao wote, na marungu yakashuka.

Daktari alimkata Muigai vidole vitatu vya mkono wa kulia. Miezi miwili baadaye Nduta alileta kompyuta nyingine, na programu safari hii ikanunuliwa kwa watengenezaji wenyewe. Ilipokuwa ikijiweka, iliuliza kama tarehe ni sahihi. Muigai aliinuka, akaenda kuitazama kalenda ukutani, akarudi. Alibonyeza ndiyo kwa kidole cha mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa haujazoea kazi.