Msiguse Swichi

Mpishi huyu hajawahi kushindwa na kuku. Miaka kumi na mmoja amesimama mbele ya jiko la duka la chakula cha kufungiwa, moto ukinguruma chini ya karai kama lori linalopanda mlima, na oda moja humalizika mikononi mwake kwa dakika sita. Mafuta, kitunguu saumu, tangawizi, vipande vya kuku, sosi ya soya, asali, siki, kijiko cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi. Geuza, geuza tena, boksi. Wenzake wanamwita Mama Mchuzi. Mkono wake wa kulia una makovu madogo madogo ya mafuta mpaka kwenye kiwiko. Mitaa mitatu ya jirani inaujua mkono huo kwa ladha, na hakuna anayeijua sura yake.

Yaliyomshinda yako nyumbani. Duka hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Mumewe ni dereva wa gari la mkate: huamka saa tisa usiku, hurudi saa nane mchana, na ikifika saa moja na nusu jioni lazima awe kitandani, la sivyo kesho atasinzia kwenye usukani. Binti yao mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, hutoka shule saa kumi. Mdogo wake, wa miaka minane, ambaye baba yake alimwita Redio kwa sababu hazimiki, hurudi saa saba na nusu na kukaa kwa jirani. Jumatatu, siku ya mapumziko ya mpishi, ndiyo siku ambayo gari la mkate huenda mji wa pili na dereva hulala huko huko. Ukiwatazama vizuri watu hawa wanne, wanapishana tu, kama wapangaji.

Wanaongea kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye mlango wa friji. Wanakula kwa maboksi. Mama hurudi na kuku wa dukani waliobaki, kila boksi na jina lake, na kila mwenye boksi hulipasha saa yake na kula akiwa amesimama, mgongo kwenye sinki. Meza ya chakula ipo. Imebeba pasi na nguo zinazosubiri kukunjwa.

Mwezi uliopita, mdogo wake mpishi, ambaye watoto humwita mama mdogo, alisema binti ahamie kwake. Kwake kuna chumba, shule iko hatua chache, na saa moja jioni watu huketi mezani. Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mpishi. Binti hakubishana na mtu. Alitoa begi juu ya kabati, akalipanga, akaliweka nyuma ya mlango.

"Umeamua?" mama yake alimuuliza asubuhi moja, mmoja akipiga mswaki na mwingine akitafuta kiatu.

"Mama, mimi sina ugomvi na mtu."

"Sikuulizi ugomvi. Nakuuliza begi."

Binti alikiokota kiatu, akakishika mkononi. "Nipe siku moja tu. Sote wanne mezani, chakula cha moto, kisichotoka kwenye boksi. Siku moja. Nikiiona, nafungua begi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mama mdogo anakuja kunichukua Alhamisi saa moja na nusu jioni."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Aliyeleta ufumbuzi ni keshia wa duka, mwanamke wa maneno mengi aliyekuwa na jungu la umeme asilolitumia. Lilikuwa jungu zito la udongo ndani ya ganda la bati, lenye kifuniko cha kioo, taa ndogo nyekundu na swichi ya kuzungusha: Vuguvugu, Chini, Juu. Unaweka kuku asubuhi, unakwenda kazini, ukirudi jioni ameiva.

"Hili ni kama mama mkwe," keshia alisema akilifuta vumbi. "Liweke pembeni, lipe heshima yake, na usilifunue funue. Kila ukifunua umelirudisha nyuma nusu saa. Mvuke ukishatoka, mpaka urudi ni kazi."

"Inachukua saa ngapi mpaka kuiva?"

"Ukijaza mapaja yenye mifupa, kwa Chini, muda wa saa kumi nzima."

"Saa kumi! Mimi nina dakika sita."

"Ndiyo maana kwako hakuna anayekaa, dada. Umezoea moto wa kufukuza watu."

Walicheka wote wawili. Utani ule mpishi alirudi nao nyumbani pamoja na jungu.

Meneja alimruhusu kutoka Alhamisi saa kumi na mbili kamili, si dakika moja kabla. Asubuhi ya siku hiyo, saa tatu kasoro robo, mpishi alikuwa peke yake jikoni kwake. Alikuwa amenunua mapaja manane makubwa yenye mifupa, kwa makusudi, kwa sababu dukani kuku hukatwa vipande vya mraba vinavyoenea kwenye boksi, na yeye hakutaka mtu yeyote mezani aone kitu cha mraba. Sosi ilikuwa ile ile ya dukani, maana watoto waliipenda, ila aliondoa maji yote. Kwenye jungu lililofunikwa hakuna kinachokauka. Alitandika vitunguu chini, akapanga mapaja, akamwagia sosi, akafunika. Akazungusha swichi mpaka Chini. Taa ikawaka.

Kisha akaandika karatasi ya friji. Aliiandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa na maneno mengi.

*Kuku yumo kwenye jungu. Ataiva saa moja jioni. Nitakuwa nimefika. Wali Baba apike saa kumi na mbili. Msiguse swichi.*

Siku nzima dukani alipika kama mtu aliyekwisha kuondoka. Mara mbili alimpa mteja wa pilipili boksi la asiyetaka pilipili. Keshia alimwambia, "Leo unakwenda kupikia wateja wagumu, wasio na risiti." Saa kumi na mbili kamili alivua aproni, lakini kipimajoto cha kuku kilibaki mfukoni mwa sketi. Kipo mfukoni mwake kila siku. Sheria ya duka ni nyuzi sabini na nne: chini ya hapo, karibu na mfupa, kuku hatoki jikoni, hata mteja akipiga magoti.

Wanakaa ghorofa ya nne. Harufu ya tangawizi na asali ilimpokea ghorofa ya pili, na mwanamke aliyekuwa akishuka na ndoo alisema, "Leo kuna nyumba ina bahati." Mpishi alimpita kwa kasi. Alikuwa akipanda ngazi mbili mbili.

Ndani, meza ilikuwa meza. Pasi imeondolewa, nguo zimeondolewa. Mumewe alikuwa ameoga na kuvaa shati lenye kola. Redio alikuwa akipanga vijiko na kutangaza kila kimoja. Binti alikuwa ameketi, viwiko mezani, na alipomwona mama yake alitabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu lake la zamani. Begi lilikuwa nyuma ya mlango. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika tano.

"Umechelewa dakika tano," mumewe alisema. "Meneja wa hapa ni mkali, anakata mshahara."

"Baba kasema ukichelewa tunakula mkono wake!" Redio alisema.

Mpishi alicheka, akanawa mikono, akaliendea jungu. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Kati ya kioo na ukingo kulikuwa na kijiko cha chai, mpini umetokeza nje, na mvuke ulikuwa ukitoka hapo taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala. Haikuhitaji kipimajoto, lakini alikichomeka. Paja la juu, karibu na mfupa: hamsini na sita. Akachomeka la chini. Hamsini na tisa. Alipolikata, maji mekundu yalitoka.

"Nani amefunua hili jungu?"

Mumewe akakohoa. "Mimi, nilipotoka kazini. Kuonja chumvi tu. Na pale nilipoamka, baada ya kulala kidogo mchana. Mara mbili."

"Mimi mara tano," Redio alisema. "Sita. Nilimwonyesha jirani. Lakini swichi sikugusa!"

"Hakuna aliyegusa swichi," mumewe alisema haraka, kama mtu anayemtolea mwenzake ushahidi. "Karatasi tumeisoma."

"Na kijiko? Redio?"

"Si changu!"

"Kijiko ni changu," binti alisema. Hakuwa anatabasamu tena. "Nilipotoka shule nilikuta nyumba yote inanukia. Nikadhani ni jirani. Nikafunua kuhakikisha. Nikachota mchuzi kidogo, nikakaa hapo na kitabu, nikachota tena. Nilikuwa naona kama nimekutana na mtu nyumbani." Alitazama meza. "Sikujua kama hairuhusiwi, mama."

Hakujua kwa sababu hakuambiwa. Mpishi alisimama na kipimajoto mkononi, akikumbuka karatasi ya kwanza aliyoikunja na kuitupa, ile yenye maneno mengi, na kati yake: msifunue.

"Acha kuku," binti alisema. "Wali upo, wa moto. Kaa tu, mama. Tule wali na huo mchuzi wa pembeni."

"Wali mtupu? Na huo mchuzi umekaa na kuku mbichi."

"Basi wali mtupu. Chumvi ipo. Kaa."

Mumewe alivuta kiti cha nne. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu. Jambo lote lilikuwa hapo, kwenye kile kiti, na huenda mwanamke mwingine yeyote angeliona. Lakini huyu alikuwa mpishi, na mikononi alikuwa na kuku asiyeiva, na mbele yake walikuwa watu wanaosubiri.

"Dakika sita tu," alisema. "Sita. Msiondoke."

Alitoa mapaja, akayanyofoa nyama mfupani, akaikatakata. Alikata haraka, kwa mazoea, na kila kipande kikatoka mraba. Aliona hilo na hakuacha. Akabandika kikaangio, akawasha gesi. Moto wa nyumbani si moto wa duka. Ulikuwa mfupi, wa bluu, haukunguruma. Sosi, nyepesi kwa mvuke uliogeuka maji, ilikataa kuchemka. Akaongeza wanga. Akakoroga. Alisikia nyuma yake Redio akisimulia habari ya mwalimu na kengele, kisha akasikia sauti ya Redio ikipungua, kisha haikuwapo. Alisikia mumewe akipiga miayo, mmoja, mwingine.

"Dakika mbili!" alisema bila kugeuka.

"Pole pole, hatuendi popote," mumewe alijibu. Baada ya muda kiti kilikwaruza tena, na mlango wa chumba cha kulala ukajifunga kwa upole, upole wa mtu anayeomba radhi.

Kipimajoto kilisema sabini. Sabini na mbili. Chini barabarani honi ililia mara mbili, fupi, za adabu. Sabini na nne. Mpishi alizima gesi na kugeuka, kikaangio mkononi, mchuzi unameta, kila kipande kimevikwa sawasawa. Alikuwa kuku mzuri kuliko wote aliowahi kupika kwenye nyumba ile.

Redio alikuwa amelala, shavu juu ya meza, kijiko ngumini. Kiti cha mumewe kilikuwa kitupu. Binti alikuwa mlangoni, begi begani, akifunga kamba ya kiatu polepole sana, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema neno.

Saa moja na dakika thelathini na mbili.

"Ameshaiva," mpishi alisema.

"Naona. Ananukia." Honi ililia tena. "Mama mdogo ana njia ndefu. Kesho kuna shule."

"Ngoja. Usiende na njaa."

Kwenye kabati la chini kuna rundo la maboksi ya duka, bapa, yasiyofunguliwa. Hakufikiri. Mkono ulichukua moja, ukalikunjua kwa pigo moja, ukapiga wali upande wa kushoto, kuku upande wa kulia, mchuzi juu, usimwagike ukingoni. Ukakunja masikio mawili, ukapenyeza ulimi, ukaweka tishu mbili juu na uma wa plastiki. Haikufika nusu dakika. Alimpa binti kwa mikono miwili, boksi likiwa limetazama upande wa mteja, kama alivyofundishwa miaka kumi na mmoja iliyopita na kama alivyofanya mara mia siku hiyo.

"Karibu tena," alisema.

Walitazamana. Mpishi alinyoosha mkono kama anayetaka kulirudisha neno, akaishia kuzinyoosha tishu juu ya boksi.

"Asante, mama," binti alisema. Alilishika boksi kwa chini, mahali palipo moto. Hatua zake zilisikika mpaka ghorofa ya pili, kisha hazikusikika.

Mpishi alirudi na kuketi kwenye kiti cha nne, ambacho hakuna aliyekirudisha mahali pake. Alimtoa Redio kijiko ngumini. Jungu tupu lilikuwa bado linapata umeme, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Swichi ilikuwa kwenye Chini, palepale alipoiacha asubuhi. Hakuna aliyeigusa.