Josho Kabla ya Kisu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinihurumie. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini haya hayakunifika kwa kukosa darasa. Wasomi walikuwepo, tukakosea pamoja.

Mume wangu alikuwa polisi mpaka alipostaafu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Kila asubuhi hapa nyumbani Kawempe alimeza vidonge vyake mbele yangu, maana nisipomsimamia alivitupa. Kilichompeleka kupasuliwa ni ngiri. Daktari alituambia wazi: ngiri itapona, cha kuchunga ni moyo.

Kwetu mtu haendi kwenye kisu bila josho. Huenda asirudi, basi aende msafi. Ndivyo nilivyolelewa. Asubuhi ile bafu la wodi halikuwa na maji ya moto. Mwanamke aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda jirani akaniambia, "Hajati, nina birika la umeme, ngoja nichemshe."

Nikamkatalia. Niliogopa watakuja kumchukua hajamaliza. Nikammwagia ndoo nzima, toka utosini.

"Mama watoto, unaniosha au unanizika?"

"Nyamaza, Afande. Simama sawa."

Wauguzi wakamvika kanzu yao ile iliyo wazi mgongoni, wakamsukuma mpaka nje ya chumba cha upasuaji. Aliyetangulia akachelewa kutoka. Tukakaa pale mpaka adhuhuri, kiyoyozi kinatupuliza. Blanketi langu waliliona lina vumbi, halikubaliki. La hospitali wakasema linaletwa. Nalisubiri mpaka leo.

Akaja musawo, daktari wa dawa ya usingizi, mwanamke mwenye haraka. "Mzee, unasikia baridi?"

"Baridi? Binti yangu, mimi nimelala doria Karamoja, mvua inaninyeshea mpaka alfajiri. Huu ni upepo tu wa kumpepea bibi harusi."

Musawo akacheka, akaandika kwenye karatasi yake, akaenda. Mimi nikacheka pia. Na mkono wa mume wangu nilikuwa nimeushika, vidole vimepoa kama samaki wa friji. Nilinyamaza nisimwaibishe mbele ya mwanamke.

Upasuaji wenyewe walisema umekwenda vizuri. Lakini alipozinduka alitetemeka mpaka vyuma vya kitanda vikalia. Meno yanagongana, hawezi kutamka hata jina langu. Hapo ndipo walipoanza kukimbia, huyu na blanketi, yule na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kumbe mashine ilikuwepo! Ilikuwa chumba cha pili.

Daktari mkubwa akaniita pembeni. "Mama, dawa ya usingizi inaufanya mwili ushindwe kutunza joto lake. Mtu akiingia amepoa, anazidi kupoa. Akizinduka anatetemeka, na kazi yote hiyo inauangukia moyo. Moyo wa mzee hauna nguvu hiyo."

"Mlikuwa mnajua?"

"Tunajua, mama."

"Sasa?"

Akarudi kwa mgonjwa.

Siku ya pili moyo ukasimama. Kidonda cha ngiri kilikuwa kikavu, kizuri, utadhani kimeshonwa na fundi wa nguo za harusi. Nilikiona wakati wa kumwosha kwa mara ya mwisho, na maji ya siku hiyo yalikuwa ya vuguvugu. Maiti tunampashia maji. Aliye hai nilimnyima.

Matangani wakaniambia ahadi yake ilifika. Sibishani na ahadi. Lakini ndoo niliishika mimi. Shemeji yangu akasema, "Angalau alikwenda msafi." Nilimwambia anyamaze au aondoke, akachagua kuondoka, na hajarudi.

Mwaka huu binti yangu mkubwa ametakiwa kupasuliwa tezi ya shingo, na moyo wake ni wa baba yake, wenye presha. Nikawaita wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: josho ni jioni ya kuamkia upasuaji, kwa maji ya moto, kisha soksi na sweta. Na pale mlangoni msimuulize mgonjwa kama anasikia baridi. Mshikeni miguu. Mkikuta imepoa, kamateni kitanda, kisisukumwe ndani mpaka apashwe joto.