Chumba Alichopewa Mtani Kaburini

Babu Liberatus hakuwa babu yetu. Alikuwa mpangaji. Nililijua hilo nikiwa darasa la tatu, siku mwalimu alipotuambia tuchore ukoo wetu na mimi nikamchora yeye kando ya bibi. Bibi Evarista alipoiona ile picha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha mwisho.

"Mngoni, njoo uone. Mjukuu wangu amekuoza kwangu. Mahari umeleta panya wangapi?"

Babu Liberatus akatoka, akaitazama picha kwa makini kama mtu anayekagua tairi, akasema kwamba yeye hawezi kuoa kwa watu wanaokula mbwa, atakuwa halali usingizi.

Ndivyo walivyoishi. Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabaki watani, na nyumbani kwetu Ipogolo vita hiyo ilikuwa inaendelea kila asubuhi penye bomba la maji. Wageni walikuwa wanashtuka. Mwalimu wangu mmoja alipita akasikia wanavyoitana, akaniuliza kama pale kwetu kuna ugomvi. Nikamwambia hapana, wanasalimiana.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, aliijenga babu mzaa baba kabla hajafariki, kando kabisa ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika baada ya mlima. Vyumba vilizunguka ua. Katikati ya ua palikuwa na mpichi mmoja mzee uliozaa matunda madogo machungu ambayo tuliyala hivyo hivyo. Sakafu ya barazani ilikuwa nyekundu, na mama aliisugua kila Jumamosi mpaka unajiona, na bibi hakumruhusu mtu yeyote kukaa kitandani kabla hajaosha miguu akaikagua. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele kiasi kwamba watu wote waliacha kuongea wakabaki kutazamana na kutabasamu. Mpaka leo mvua ikinyesha mahali pengine naona kama haijanyesha vizuri.

Mimi ni mtu wa kuuliza sana, mama anasema nitakuja kuuliza hata kuzimu. Kwa hiyo nilimuuliza Babu Liberatus alifikaje kwetu. Alisema alikuja na lori la tumbaku kutoka Songea, yeye akiwa utingo, kijana mwenye nywele nyingi. Lori likavunjika ekseli hapo chini ya mlima. Dereva akaenda Mbeya kutafuta spea, akamwachia yeye ulinzi. Ilikuwa Juni, na Juni ya Iringa mnaijua. Bibi akamkuta asubuhi chini ya lori amejiviringisha turubai, midomo imekuwa rangi ya majivu, akamwambia mumewe wampe kile chumba cha mwisho mpaka spea ije.

Spea ilikuja. Lori likaondoka. Babu Liberatus alikuwa ameshaanza kuziba pancha za madereva wengine, akaona abaki kidogo. Hiyo kidogo ndiyo iliyotukuta sisi wote, tukazaliwa, tukakua. Bibi alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu msimwone hivi, anasubiri spea."

Baadaye alimleta mke wake kutoka kwao, Bibi Bertha. Mimi sikumkuta. Hawakujaliwa mtoto. Alifariki katika chumba kile kile, akazikwa makaburi ya hapa Ipogolo, na kila Jumapili baada ya misa Babu Liberatus alipitia huko na chupa ya maji ya kumwagilia maua. Alirudi amechelewa, na bibi alikuwa amemfunikia chakula, na hapo hakumtania.

Nilimuuliza pia kwa nini hakujenga. Watu wa umri wake karibu wote wana nyumba. Alisema alijenga, tena mapema, kijijini kwao karibu na Peramiho, kwa ajili ya mama yake. Mama alipokufa wakaingia watoto wa mdogo wake.

"Ukawaacha tu?"

"Nyumba ukiijenga halafu usilale ndani, ni ya anayelala," alisema, akaendelea kusugua mpira kwa msasa ili gundi ishike.

Bibi alifariki mwaka jana wakati wa masika. Tulimpeleka Kilolo kumzika shambani, pembeni ya babu. Babu Liberatus alipanda nyuma ya Fuso pamoja na masufuria, amevaa koti ambalo sikuwahi kumwona nalo. Kule Kilolo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na mawingu yalikuwa yanakuja meusi. Ibada ikasomwa. Vijana wakasogea kushika kamba. Hapo ndipo Babu Liberatus alipowapita, akakaa ukingoni, akashuka kaburini.

Mimi nilifikiri ameanguka. Wakwe wa baba mkubwa waliotoka Mbeya wakashika vichwa. Lakini watu wa Kilolo wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema afadhali, nilikuwa naogopa mtani hayupo.

"Sitoki," sauti ilitoka chini. "Mnamzika mtani wangu bila kuniaga? Nilipeni kwanza."

Hiyo ndiyo desturi. Mtani akiingia, mazishi yanasimama mpaka apewe kitu. Wakamletea kuku. Akamtazama akasema kuku huyu amekonda kama wenyewe. Wakamletea jembe, akauliza kama wanadhani amekuja kulima. Watu wakazidi kucheka. Baba mkubwa Edmund, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa anatazama mawingu.

"Haya mzee, unataka nini?"

"Nataka chumba changu."

"Chukua chumba chako, toka huko, mvua inakuja."

Babu Liberatus akanyoosha mkono, baba mkubwa akamvuta juu. Bibi akashushwa. Tulipomaliza kuweka maua, mvua ikatupiga.

Baba mkubwa si mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Anaishi Mbeya miaka mingi, ananunua mpunga Ubaruku, anakoboa, anauza mchele, na kila mavuno alikuwa analeta gunia nyumbani. Lakini ameishi mbali. Ukoo ulipomchagua kuwa msimamizi wa mirathi, alikaa na baba wakaongea siku kadhaa, na walichokubaliana kilikuwa na maana: kiwanja kipo barabarani, nyumba imechoka, ibomolewe, zijengwe fremu za maduka. Wote wawili watafaidi, na sisi watoto tutasomeshwa. Wakati ujenzi unaendelea sisi tutapanga Kihesa. Wapangaji wakapewa notisi.

Babu Liberatus naye akapewa notisi.

Nikamuuliza baba, lakini baba mkubwa si alimpa chumba kule kaburini? Baba akasema ule ni utani, mwanangu. Alisema bila kunitazama.

Nikaenda chumba cha mwisho. Alikuwa anafunga vitu vyake. Vyuma vya kufungulia matairi kwenye kiroba, pampu, jeki, sanamu ya Mama Maria ameizungushia shati. Nilimuuliza kwa nini hasemi kitu na watu wote walisikia.

"Mtani akishapokea hadai," alisema. "Akidai anakuwa mdai tu kama wengine."

Aliniambia kuna mtoto wa mdogo wake huko Songea ana chumba cha uani. Nikamuuliza, na Bibi Bertha je? Alikuwa anakunja turubai, akalikunja upya, kona kwa kona.

"Huyo ndiye nimeshindwa kumfunga kwenye mzigo."

Siku chache kabla ya kubomoa, Babu Yotamu alishuka kutoka Kilolo. Huyu ni mdogo wake babu, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, mzee mfupi mwenye sauti ndogo. Alikuwa amefuata mabati ya zamani, anataka kuezeka jiko lake. Tukamsalimia, kamwene, kamwene, akakaa barazani na baba na baba mkubwa, akanywa chai. Kisha akaona mizigo ya Babu Liberatus imepangwa nje ya mlango.

Akauliza mtani anasafiri? Baba mkubwa akamweleza habari ya fremu na notisi. Babu Yotamu akaweka kikombe chini.

"Si ulimpa chumba?"

"Baba mdogo, ule ulikuwa utani."

"Ndiyo. Ndiyo maana huwezi kuuvunja," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Mkataba wa karatasi mkigombana mnaenda nao mahakamani. Alichopewa mtani akiwa kaburini unakwenda nacho wapi? Utamfukua mama yako umwambie tumebadilisha mawazo?"

Baba mkubwa alijaribu. Alisema kule aliongea haraka kwa sababu ya mvua, hakuwa amefikiri. Babu Yotamu akasema jembe lilikuwepo na kuku alikuwepo, naye Edmund alikuwa na mdomo wa kusema hapana, watani hukataliwa kila siku na hakuna anayekasirika. Lakini akishavutwa mkono akatoka, imekwisha. Baba alikuwa anachora ardhini kwa kijiti, nikajua anaona aibu.

"Sasa kitakuwa chake na watoto wa ndugu zake milele?" baba mkubwa akauliza.

"Hapana. Mtani hupewa, harithishi. Akifa kinarudi kwenu."

Baba mkubwa akasema yuko tayari kutoa mbuzi wawili badala yake, hata ng'ombe. Babu Yotamu akamwonyesha mlango wa mwisho kwa kidevu: huyo hapo, mwambie mwenyewe.

Akaenda. Sisi wote tulibaki uani tukijifanya tuna kazi. Mama aliosha sufuria iliyokuwa safi. Tulisikia mbuzi wanatajwa, kisha tukamsikia Babu Liberatus anacheka.

"Wahehe bwana. Vita ikiwashinda mnaleta mbuzi."

Baba mkubwa akasema anaongea kwa dhati, mzee, afikirie, ng'ombe mzima. Sauti ya Babu Liberatus ilipokuja haikuwa tena ya utani.

"Edmund. Bertha alitolewa kwa mlango huu. Nikikaa kitandani nikiutazama, najua alikopita. Huko Songea nitatazama wapi?"

Nilimwona baba mkubwa kwa mgongo, mkono mmoja ameuegemeza kwenye fremu ya mlango, anautazama ule mlango wa mbao uliochubuka rangi ya kijani kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Alitoka, akapita katikati yetu, akampigia simu fundi. Akamwambia aje apime upya, kuna chumba kinabaki.

Basi nyumba ikabomolewa, chumba kikabaki. Nilirudi kutoka shuleni siku hiyo nikakuta mbingu ipo karibu sana. Mpichi haupo, baraza haipo. Vipande vya sakafu nyekundu vilikuwa vimetupwa kwenye rundo la kifusi, nikaokota kimoja nikakiweka kwenye begi, kisha nikaona hakina maana, haking'ai tena, nikakirudisha. Chumba cha Babu Liberatus kilisimama peke yake kama jino la mzee. Yeye alikuwa amekaa nje anaziba pancha ya bodaboda.

Sisi tulihamia Kihesa. Ndipo nilipojifunza kupanga ni nini. Mama anatunyamazisha tukicheka uani. Baba, mtu mzima, niliwahi kumwona amesimama mlangoni kwa mwenye nyumba anaomba ruhusa ya kupiga msumari ili atundike picha ya bibi. Mwenye nyumba akasema ukuta utapasuka. Picha ipo juu ya kabati, imeegemea.

Najiuliza kama Babu Liberatus aliwahi kuomba msumari kwetu. Nilimuuliza mama, akafikiri, akasema hajui, lakini kuta za chumba kile zilikuwa zimejaa vitu tangu yeye alipoolewa.

Msingi wa fremu ulipoanza, baba mkubwa alikuja kusimamia. Kwetu Kihesa tuna vyumba viwili, tunalala tumebanana, na gesti alisema hataki, kelele za baa. Jioni mama akanipa hotpoti la wali na maharage nimpelekee, akasema analala kwa Babu Liberatus. Nilifikiri nimesikia vibaya.

Nilifika jua linazama nyuma ya mlima. Nikabisha hodi, nikaingia. Godoro la pili lilikuwa limetandikwa kando ya ukuta, lakini Babu Liberatus alikuwa amekalia yeye hilo, kitanda amemwachia mgeni. Baba mkubwa alikuwa ametoka saiti muda ule ule, suruali imejaa saruji, amechoka, tumbo linapanda na kushuka. Akapokea salamu yangu, akageuka ili akae kitandani.

"Edmund. Miguu."

Ilikuwa sauti ya bibi. Si kufanana tu, ni yenyewe, na ile pumzi ndogo aliyokuwa anaivuta kabla ya kukemea. Hotpoti karibu linidondoke. Babu Liberatus alikuwa ameketi ameweka mikono kiunoni, shingo ameinamisha upande kama bibi, uso haucheki. Mtani ana ruhusa ya kumuiga marehemu, hilo nilikuwa nalijua kwa kusimuliwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kumbeba mtu namna ile, pengine kwa sababu alimsikia kila siku tangu ujana wake, kuliko hata sisi.

Baba mkubwa alibaki ameinama nusu, hajakaa, hajasimama. Nikaogopa kwamba atakasirika. Kisha akavuta beseni kutoka uvunguni, akamimina maji ya kwenye ndoo, akavua viatu. Akaosha miguu yake polepole, kisigino, kati ya vidole, akaiinua mmoja mmoja akaitazama nyayo, kama mtu anayejua atakaguliwa.