Film au digital kwa jarida la kanisa: yaliyonikuta Kanyangi

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Naona kwenye uzi wa jirani mnatoana macho: film au digital, ipi inafaa kazi ya magazeti? Mimi mtihani huo nilipewa mbele ya kanisa zima. Nawasimulia bila kutia chumvi, maana mashahidi bado wako hai na wengine wana bundles za intaneti.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha wa jarida la kanisa letu hapa Kitui. Kamera ilikuwa ya film, nzito kama jiwe la kusagia. Kazi niliipenda, tena ndiyo iliyonilisha.

Basi mpwa wa mwenyekiti wa kamati, Musyoka, akarudi kutoka Nairobi na digital. Zile za kwanza kabisa, unaingiza floppy disk ubavuni.

Mwenyekiti akatangaza: tangi la maji linafunguliwa Kanyangi, nyote wawili mpige. Atakayetoa picha ya jalada ndiye abaki na kazi. Mwingine arudi shamba akachume ndengu.

Wiki hiyo nilikosa hata hamu ya kula, nisiwadanganye.

Siku yenyewe watu walikuja wamepiga pasi mpaka soksi. Musyoka akapiga picha ya kwanza, kina mama wakaiona papo hapo nyuma ya kamera. Vigelegele! Nikajua nimekwisha.

Halafu wakaanza kuiangalia vizuri.

"Viatu yangu iko wapi?" akauliza Mama Mwende, kiongozi wa kina mama. "Mimi nimenunua viatu ya kufungua tangi, wewe unanikata miguu?"

Kwetu, wakuu, picha bila viatu si picha. Musyoka akafuta, akarudi nyuma ili viatu viingie. Sasa sura zikawa ndogo. Futa. Mzee wa kanisa amefumba macho. Futa. Pastor katokea karibu na choo. Futa kabisa! Floppy ilipojaa, akafuta hata zile nzuri ili apate nafasi.

Mimi pembeni napiga zangu taratibu. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyeona kitu. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Ule mluzi ndio ulioniponza. Mama Mwende akageuka.

"Na wewe, yako unaficha nini? Onyesha!"

"Mwaitu, mama yangu, hii haionyeshi. Mpaka nisafishe mjini."

"Aiya! Ya Musyoka inaonyesha, yako imekataa? Wewe umenikata miguu!"

Kabla sijajibu, ameshavuta kidude cha pembeni cha kufungulia kamera. Mgongo wa kamera ukafunguka, jua la saa saba likaingia lote. Kwa vijana wasiojua: film ikipigwa na mwanga kabla ya kusafishwa, picha zimekwenda. Na mama hakuishia hapo. Aliivuta yote nje, akaiinua juani akitafuta viatu vyake.

Nililia, wakuu. Mtu mzima na suti yangu, nimesimama mbele ya tangi, film aliyonirudishia inaning'inia mikononi kama matumbo ya mbuzi.

Musyoka, kwa kunicheka, akanipiga picha. Hapo hapo betri yake ikafa.

Tulipofika kwenye kompyuta ya ofisi, floppy ilikuwa na picha moja tu, ile ambayo hakuna aliyeamuru ifutwe. Mimi, machozi, na tangi nyuma yangu.

Wachapishaji Nairobi wakasema wakiikuza itagawanyika miraba miraba kama vigae, basi wakaiweka ndogo katikati ya jalada. Mwenyekiti mwenyewe akaandika maneno ya chini: "Ndugu yetu azidiwa na furaha kwa neema ya maji."

Jarida likafika mpaka Tseikuru. Makanisa yakaanza kuniita: mleteni yule ndugu aliyelia, aje atufungulie na sisi tangi letu.

Kwa masharti yaliyotangazwa, kazi ilikuwa ya Musyoka. Lakini mwenyekiti angemfukuzaje mtu aliyelilia maji kuliko kamati nzima? Musyoka alirudi Nairobi na betri yake. Mimi nikabaki, na kila tangi likifunguliwa, watu wananiangalia machoni wakisubiri.

Funzo langu: kwa kazi ya kuchapishwa, tumia kamera yoyote unayoiweza, ila anayepigwa asiione picha mpaka gazeti litoke. Na kama ni film, funga mgongo na selotepu.

Haya, wapiga picha wenzangu, nyinyi film zenu zilivutwa nje na nani?