Maji ya Waliochelewa

Siku niliyopewa kazi ya kutengeneza filamu, mkurugenzi hakuniuliza swali hata moja kuhusu filamu. Aliuliza kuhusu mtoto.

"Huyu utamwacha na nani?"

"Na mimi."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Baba wa mtoto alikuwa Mombasa, na habari zake ziliishia hapo. Mama yangu alikuwa Matinyani na ng'ombe wake na mgongo unaomsumbua. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, vidole vya kupiga taipureta, mtoto mchanga ambaye bado ananyonya, na hasira ya kutosha kusukuma Landrova mlimani bila petroli.

Kampuni yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mabati mjini Kitui. Tulitengeneza filamu fupi za kufundisha watu: chanjo ya ng'ombe, choo cha shimo, namna ya kuweka mahindi yasiliwe na wadudu. Ikishakamilika, filamu ilipelekwa sokoni, shuka jeupe linafungwa ukutani na watu wanakuja na viti vyao. Mimi nilikuwa wa taipureta. Lakini prodyusa aliyekuwepo hakupenda jua, kwa hivyo ni mimi niliyekuwa nikimtafutia watu wa kupigwa picha, nikimwombea ruhusa kwa chifu, nikimpangia safari. Alipohamia Nairobi bila hata kuaga, nilikuwa nimetoka tu likizo ya uzazi. Niliingia kwa mkurugenzi nikamwambia, "Mzee, kazi ya yule mtu nilikuwa naifanya mimi. Sasa nataka niifanye nikiitwa prodyusa."

"Haya. Filamu moja. Ikiharibika, taipureta bado iko pale." Akatoka hadi mezani kwangu, akaipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mbuzi wake.

Asubuhi yake walikuja wageni. Nikasikia ananiita: "Mama, hebu tuletee chai!"

"Prodyusa anapanga safari ya Matiliku," nilijibu bila kusimama. "Chai iko hoteli ya ng'ambo ya barabara."

Nikasikia viatu vyake vikivuka barabara. Nilijua amemeza hiyo kwa muda tu. Ningerudi na mikono mitupu, ningeletewa birika na taipureta siku ile ile.

Filamu ilikuwa ya mitaro ya fanya juu, ile inayochimbwa kwenye mteremko udongo ukitupwa upande wa juu ili mvua isibebe shamba. Huko Matiliku kulikuwa na mwethya mmoja uliosifiwa sana, kikundi cha akina mama wanaochimbiana mitaro kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Nilienda kuonana na mwenyekiti wao mapema, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Akakubali. "Lakini sisi tunaanza kabla ya jua, mwiitu," alisema. Mwiitu ni msichana. Nilikuwa na mtoto mgongoni lakini kwake nilikuwa msichana tu.

Tulisafiri wawili na mtoto. Mwenzangu alikuwa mpiga kamera, ambaye pia ndiye dereva. Mimi nilibeba kinasa sauti. Tulilala lojing'i pale sokoni, na jioni hiyo nilimwambia wazi: kesho tunaondoka alfajiri.

"Madam, jua likiwa chini hivyo picha inatoka giza. Hii kazi mimi nimeisomea. Tutaenda tukishakunywa chai."

"Hawatatungoja."

"Mtu anangoja kamera, madam. Kamera haingoji mtu."

Alfajiri nilipiga mlango wake mpaka wapangaji wengine wakaamka wakanitukana. Yeye hakuamka, na ufunguo wa gari ulikuwa ndani kwake. Alipotoka alienda moja kwa moja hotelini, akaagiza chai na mandazi, akala polepole akiangalia barabara kama mtalii. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Landrova, mtoto mgongoni, kinasa sauti begani, nimekunja uso mpaka kichwa kinauma.

Tulipofika shambani, akina mama walikuwa wanafuta majembe kwa nyasi. Mtaro ulikuwa umekamilika, mrefu, mzuri, umezunguka mteremko mzima kama mshipi.

"Tumemaliza," mwenyekiti alisema.

Mpiga kamera hakuona tatizo. Aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akasema kwa furaha, "Hakuna shida, kina mama! Rudisheni udongo kidogo hapa, kisha mchimbe tena. Mkiimba."

Akina mama waliendelea kufuta majembe. Akadhani hawajasikia Kiswahili chake. Akachukua sepetu ya mtu, akaanza kuusukuma ule udongo kurudi mtaroni, yeye mwenyewe, na shati lake jeupe.

Mwenyekiti akageuka kwa wenzake. "Huyu anafukia nini? Kuna maiti?"

Wengine walicheka, lakini si kicheko kizuri. Wale wanawake walikuwa wameamka gizani, wameacha moto na watoto, wamevunja mgongo, halafu mtu aliyeshiba mandazi anakuja kuifukia kazi yao ili aipige picha. Walibeba majembe yao wakashuka njia, mmoja nyuma ya mwingine, bila kutuaga.

Nilimwambia yule mwanamume maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu kanisani kwetu watu wanasoma.

Alingoja nimalize. "Mimi naweza kupata kazi popote. Prodyusa ni wewe. Utamwambia mzee nini?"

"Nitamwambia ulikuwa unakunywa chai."

"Na yeye ataambia watu nini? Atasema kazi tulimpa mwanamke mwenye mtoto, akashindwa."

Kilichoniuma ni kwamba hapo alisema kweli. Nilipokonya ufunguo mkononi mwake, nikautia ndani ya blauzi, mahali ambapo hangethubutu kuufuata, nikaenda kumtafuta mwenyekiti.

Nilimkuta nyumbani kwake akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakunipa kiti. Nilikaa chini nikamnyonyesha mtoto, maana alikuwa ameanza kulia, na labda hiyo ilisaidia, sijui.

"Mwaitu, tumekosa," nilisema. Mwaitu ni mama, na nilisema kwa adabu yote niliyofundishwa. "Kwenu mtu akichelewa mwethya anafanywa nini?"

Akaacha maharagwe. "Kwani unajua anafanywa kitu?"

"Mama yangu ni wa mwethya. Kwao aliyechelewa hapewi sahani ya muthokoi."

"Kwetu tunampa chakula," alisema. "Lakini anabeba maji. Ya kunywa watu wote, siku inayofuata. Kutoka mtoni, kwa miguu yake."

"Mkishabebewa?"

"Basi yameisha. Hatuweki mtu moyoni." Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Kesho tuko shamba la yule jirani wangu wa juu. Lakini si wewe uliyechelewa, mwiitu. Nilikuona umesimama pale umevimba kama mkate. Ni yule."

"Ni sisi wawili. Mimi ndiye mkubwa wake."

Hapo akacheka, cheko la kweli sasa. "Mkubwa wake! Basi mlete mdogo wako."

Mto wa pale mwezi ule ulikuwa mchanga mtupu. Maji unayafukua kwa mikono, unangoja yajikusanye, unayachota kwa kibuyu. Mpiga kamera nilimpa mambo mawili achague: jerikeni, au kurudi Kitui kwa miguu, maana ufunguo bado ulikuwa ndani ya blauzi. Alibeba. Mwenyekiti alimchukua mtoto wangu, akamfunga mgongoni mwake kama wake, na mimi nikaweka kamba ya mtungi kwenye paji la uso. Tulipanda kilima kile mara nyingi jioni ile. Watu walitoka majumbani kutazama. Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka ua wake, "Bwana Kamera! Punda wako amekufa?"

"Hajafa, mama," alijibu akihema. "Amepandishwa cheo." Watu walicheka, na hapo niliacha kumchukia kabisa, ingawa hasira sikuiacha.

Alfajiri alikuwa wa kwanza ndani ya gari.

Wanawake walijipanga mteremkoni bado kuna baridi. Mwenye kuimbisha akaanza, wengine wakajibu, majembe yakashuka pamoja, udongo ukaruka juu. Mpiga kamera alilala chini kifudifudi, shati jeupe na kila kitu, jua lilipochomoza likapita katikati ya miguu yao. Mimi nilikuwa na vyombo vya kusikilizia masikioni, nasikia kila jembe. Ndipo mtoto akalia, karibu kabisa na kipaza sauti, kilio cha njaa, cha mtu asiyejali filamu ya yeyote.

Mwenye kuimbisha hakukata. Alikiweka kile kilio mle mle ndani ya wimbo, kwa Kikamba: wewe mwenye mashine, mtoto anakuita. Na wote wakajibu kwa pumzi moja: mnyonyeshe, tunakuchimbia! Nilimnyonyesha pale pale, kinasa sauti mapajani, utepe ukizunguka. Jembe halikusimama.

Mkurugenzi aliiona filamu ilipotoka kusafishwa Nairobi. Alitazama mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Picha ni nzuri," alisema. "Lakini kuna mtoto analia."

"Ni wangu."

"Mtoe."

"Nikimtoa yeye, natoa na wimbo, kwa sababu wimbo unamjibu. Na nikitoa wimbo, unabaki na wanawake wanaochimba kimya kama wafungwa. Matiliku watatuuliza walimkosea nani." Nilirudisha utepe nyuma. "Sikiliza tena, mzee."

Akasikiliza. Kilio, wimbo, jibu. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, akauzuia, ukacheza tena.

"Acha hivyo," akasema. Kisha, akiwa tayari mlangoni: "Na utafute mtu wa taipureta. Wewe hutakuwa na nafasi."

Nilimpata msichana kutoka Nuu, ndiyo kwanza amemaliza shule. Siku yake ya kwanza walikuja wageni, na sauti ikatoka ofisini kwa mkurugenzi: "Mama, tuletee chai!" Msichana akaruka kutoka kitini. Nilimshika bega nikamkalisha.

"Ng'ambo ya barabara, mzee!" niliita. "Njia unaijua."